Mzee wangu alipita mbele ya mtaa mzima unaomjua na hakuna aliyejua kapotea. Tulichofanya baada ya hapo (Tanga)

GengeLaNjia (mleta uzi)

Habari za muda huu wakuu. Mi ni msomaji tu humu, kuandika naandika kwa nadra, ila juzi kuna mdau alileta uzi wa mama yake kupotea, nusu ya majibu yakawa "pole sana" na nusu "mkafanye maombi". Pole tunaipokea lakini haimrudishi mtu nyumbani. Kwa hiyo nashusha yetu, ni ndefu, mwenye haraka apite.

Tupo Ngamiani, kwenye zile barabara za namba. Mzee ana miaka 75. Ni mtu wa reli, aliingia kazini enzi za East African Railways kabla jumuiya haijavunjika 1977, na reli ndo imetusomesha wote. Kitengo chake kilikuwa njia, yani wale wanaotembea juu ya mataruma asubuhi na nyundo mkononi, wanagonga, wanasikiliza mlio, bolti ikiwa imelegea wanajua kwa sikio tu. Kaifanya hiyo kazi hadi magoti yakagoma.

Kusahau kulianza kama utani. Anakuuliza "mmeshakula?" mara nne ndani ya nusu saa. Tukasema uzee huo. Ikaja ya kumuita dada yangu jina la shangazi aliyefariki zamani. Tukasema uzee. Ikaja ya kuamka saa kumi alfajiri, anavaa, anatia kofia, anatafuta nyundo, anaenda kazini. Hapo ndo tukaacha kusema uzee na tukaanza kufunga geti.

Na tukaficha. Hili ndo kosa letu na ndo sababu ya huu uzi. Mtu akija tunamwambia mzee amelala. Kijiwe cha kahawa wakiuliza mbona haonekani, kifua kinamsumbua. Kwanini tulificha sijui hata nikwambieje, aibu fulani hivi, mzee alikuwa mtu wa kuheshimika, anasuluhisha ndoa za watu, sasa uanze kusema anajikojolea?

Siku moja geti likasahauliwa. Alitoka alfajiri. Tumegundua saa moja na nusu. Kituo kimoja cha polisi tulichokimbilia wakatwambia tusubiri masaa 24 yapite, mtu mzima huyo, labda kaenda kwa mke mdogo. Wakacheka na kucheka. Tumezunguka mji mzima, sokoni Mgandini, hospitali, stendi ya Kange, hadi mochwari dada kaenda kuchungulia. Mzee kapatikana saa kumi jioni Pongwe, kilometa zaidi ya kumi, kafuata reli taruma kwa taruma, midomo imepasuka, kiatu kimoja hana. Mama mmoja muuza mihogo ndo alimkalisha kivulini akampa maji, akamuuliza unatoka wapi baba, akajibu "nakagua njia, nipo zamu".

Sasa sikia kilichoniuma. Nilivyorudi nikaanza kuuliza nyuma nyuma. Muuza kahawa alimuona. Boda watatu walimuona. Mangi alimuona wakati anafungua duka. Watu wanatoka swala ya alfajiri walipeana nae mikono kabisa. Wote wamemsalimia shikamoo mzee, marahaba hamjambo, unaelekea wapi, naenda kazini, haya mzee kazi njema. Wakijua kastaafu! Ila nani amuulize mtu mzima mwenye kofia safi? Watu zaidi ya ishirini wanaompenda walimpisha apite, kwa sababu sisi wenyewe tuliwanyima taarifa.

Naendelea, ngoja nimpe chai.

mchungaji_wa_mbuzi

Nimekaa mkao wa kula. Tiririka mkuu.

GengeLaNjia

Basi Ijumaa iliyofuata nikamfata mjumbe wetu. Nikamwambia ukweli wote. Akakaa kimya afu akasema "kumbe, na mama yangu mimi alikufa hivyohivyo na hatukujua jina la huo ugonjwa". Akaita watu, sio mkutano wa hadhara, watu tisa tu wamekaa barazani kwake: muuza kahawa, kiongozi wa kijiwe cha boda, mangi, dada wa wakala wa kutoa pesa, fundi cherehani, imamu wa msikiti wetu, mzee wa kanisa anayekaa nyumba ya nne, mama ntilie wa pale kona, na muuguzi mmoja aliyestaafu. Hakuna posho. Dada yangu alipika vitumbua, bajeti nzima haikufika elfu kumi na tano.

Nilichowaambia ni kifupi. Mzee anaumwa, ugonjwa wa ubongo, sio kichaa na sio kalogwa. Mkimuona kavuka reli peke yake msimbishie, msimvute mkono, msimwambie "ulishastaafu wewe". Msalimieni vizuri, simameni mbele yake akuone uso, usimtokee kwa nyuma. Afu mwambie treni imechelewa leo, tukanywe kahawa wakati tunasubiri. Hapo mpigie dada.

Hiyo ya treni kuchelewa aliileta muuza kahawa mwenyewe. Akasema "mzee huyu hawezi kukataa kusubiri treni, kasubiri treni maisha yake yote". Wakuu, inafanya kazi kuliko dawa. Anakaa, anatazama saa ambayo haina betri, anatukana kidogo uongozi wa reli, anakunywa kahawa na kashata, baada ya dakika ishirini kasahau alikuwa anaenda wapi na anarudi nyumbani kwa hiari yake.

Fundi cherehani nae akasema hiki kibegi cha namba ya simu mnachomvalisha shingoni anakivua. Kweli alikuwa anakivua kila mara. Akachukua mashati yake sita na kanzu mbili, akashona kitambaa cheupe ndani ya kola, namba mbili za simu kwa uzi mweusi. Sio kwa peni maana peni inafutika kwenye kufua. Nilimpa hela akakataa, akasema mzee ndo alimsimamia harusi yake.

Kifaranga_cha_Jogoo

Mkuu na heshima zote ila hapa mnajidanganya. Wazee wa Tanga tunajua mambo yao. Huyo kuna mtu kamchezea. Kwanini aende relini tu kila siku? Kuna kitu kinamuita. Tafuteni mtaalam.

GengeLaNjia

Kinachomuita ni miaka thelathini na kitu ya kwenda hukohuko kila alfajiri, mkuu. We ukizeeka ukaja kusahau jina la mkeo, miguu yako itakupeleka humu jukwaani.

NesiWaZamani

😂😂 Haya tuwe serious kidogo. Mi nimefanya kazi wodini miaka mingi, naomba niongeze maana naona watu wanakimbilia jina moja.

Kwanza huu ugonjwa kwa lugha ya hospitali ni demenshia, na Alzheimer ni aina mojawapo, ndo iliyo nyingi kuliko zote. Kuna na ile ya mishipa ya damu kwenye ubongo, hii huku kwetu na presha zetu tunazotibu kwa kitunguu swaumu ipo sana. Na wasiseme ni ugonjwa wa wazungu. Pale Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba kwa wazee wa miaka 70 kwenda juu, matokeo yakatoka 2013, wakakuta kama 6 kwenye kila 100 wanao. Wengi hawakuwa wamewahi kuambiwa na daktari yeyote. WHO nao hesabu yao ya 2021 ni watu milioni 57 duniani, na zaidi ya asilimia 60 wapo nchi kama zetu.

Pili, sio kila anayesahau ana demenshia! Kabla hujamtangazia mtaa mpeleke akapimwe. Presha, sukari, tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, HIV, kaswende. Wazee wengi hawasikii vizuri, mtu anajibu visivyo kumbe masikio yana nta. Msongo wa mawazo baada ya kufiwa unafanana kabisa na kusahau. Na angalieni dawa mnazompa, hasa Piriton. Hiyo Piriton ya mafua mnayonunua kama pipi, kwa mzee inachanganya akili kweli kweli.

Tatu, mzee akibadilika GHAFLA ndani ya siku mbili tatu, anaona watu ukutani, hiyo sio demenshia inapanda, mara nyingi ni maambukizi ya mkojo au nimonia au maji yamepungua mwilini. Hapo ni hospitali, sio kisomo. Kisomo mtafanya akirudi.

Wazee wasio na uwezo wa 60 kwenda juu matibabu ni bure kwa sera yetu, ulizeni kitambulisho chake na dirisha la wazee.

GengeLaNjia

Nesi umenikumbusha. Mwezi wa tatu wa hii safari mzee alianza kupigana na kabati usiku. Kila mtu akasema jini, hadi mimi niliyesoma nikaanza kuamini. Yule muguzi mstaafu wa kwenye baraza akaja akamgusa tu, akanusa nguo, akasema mpelekeni mkapime mkojo. Dawa za antibayotiki, siku tano, kabati likapata amani yake. Bila ule mkutano wa vitumbua nisingemjua huyo mama, na anakaa nyumba ya saba kutoka kwetu.

BodaWaKona

Mi ni boda ila sio Tanga. Naomba niseme upande wetu maana mnatupa kazi bila kuuliza hatari yake. Unamkuta mzee wa watu saa kumi na moja asubuhi, unamwambia panda nikurudishe, hataki, anapiga kelele, wananchi wanatoka na magongo. Nani atasikiliza maelezo? Mwenzetu mmoja kapigwa kisa alimbeba bibi anayelia. Kwa hiyo mnaposema "boda watusaidie" mfikirie na hilo.

GengeLaNjia

Point kubwa hii, na kwetu nusura itokee. Kijana mgeni kijiweni alimshika mkono mzee, mzee akaita "mwizi". Ikabidi tukae tena. Sa hivi boda hambebi kabisa. Anasimama nae, anapiga simu, anamsubirisha mpaka aje mtu mmoja wa mtaani anayejulikana, yani wawe wawili ndo watembee nae kwa miguu. Na mjumbe alienda kituo cha polisi na jina la kiongozi wa kijiwe na picha ya mzee, ikakaa pale ukutani kaunta. Afande aliyepokea safari hii alikuwa muungwana, tena ana mama yake hivyohivyo Lushoto. Nilivyozidi kuongea ndo nikagundua kila mtu ana wake kamficha chumba cha uani.

Na tuseme ukweli, mwanzoni tuliharibu na hela. Tulimwachia mangi daftari, boda akimrudisha mzee anasaini anachukua elfu moja. Wiki ya kwanza mzee karudishwa mara mbili. Wiki ya pili mara kumi na moja! Kumbe kuna jamaa anamsubiri mzee achungulie tu getini, anamgeuza, anaenda kuchukua buku yake. Mangi nae bila kusema anaandika tu 😂. Tukafuta daftari. Badala yake Ijumaa tunalipa kahawa ya kijiwe kizima, aliyemrudisha na asiyemrudisha. Tangu hapo hesabu imerudi kuwa ya kweli.

mbeba_boksi

Salamu kutoka Uingereza, nafanya kazi ya kutunza wazee huku mwaka wa nane. Nawaambia mlichofanya huku kina jina na kina ofisi. Shirika moja la huku, Alzheimer's Society, walianzisha Dementia Friends mwaka 2013, mtu anakaa kwenye kipindi kifupi anaelezwa huu ugonjwa ni nini, anapewa kibeji cha ua la bluu. Wafanyakazi wa benki, supamaketi, madereva wa basi. Nilichukia mwanzoni nikaona maonyesho tu, ila nimeona keshia wa dukani anamsubiri bibi ahesabu sarafu zake dakika nne nzima na foleni imetulia, nikasema hapana, kuna kitu.

Na Japani walianza mapema zaidi, 2005, somo kama la dakika 90, ukimaliza walikuwa wanakupa bangili ya rangi ya chungwa. Wamepita milioni 10. Kwanza walianza na kubadilisha neno lenyewe maana la zamani lilikuwa kama tusi. Kuna mji unaitwa Omuta wanafanya hadi zoezi, mtu anajifanya mzee aliyepotea anazunguka mjini, wananchi wanapima je kuna atakayemsogelea akamuongelesha? Ubelgiji pale Bruges maduka yaliweka alama ya kitambaa chekundu kilichofungwa fundo, ukiiona unajua humu ndani wanaelewa.

Ila kilichonifanya niandike ni hiyo ya reli. Polisi wa huku wana fomu inaitwa Herbert Protocol, familia inaijaza KABLA mtu hajapotea. Jina limetoka kwa mzee Herbert, aliyepigana vita ya Normandy, alikuwa anapotea akitafuta nyumba ya utotoni. Fomu inauliza alifanya kazi wapi, aliishi wapi zamani, kanisa gani, alikuwa anapita njia gani. Maana hawa watu hawapotei ovyo, wanaenda mahali. Sehemu ambayo ipo kichwani kwao tu. Mngekuwa mmejaza hiyo karatasi, saa mbili asubuhi mngeenda relini moja kwa moja, sio mochwari.

GengeLaNjia

Mkuu umenigusa pabaya. Kweli tulizunguka mji mzima na jibu lilikuwa kwenye kofia yake.

Nimeandika karatasi leo hii. Reli hadi Pongwe. Bandarini. Kwa dada yake Muheza. Msikiti wa zamani alikosomea. Nyumba ya kota za reli walikokaa na marehemu mama. Nakala kwa mjumbe, polisi, na kwa mangi.

sina_baya

Mi naona mnamuanika mzee. Mtaa mzima unajua hana akili, kesho dalali anakuja na hati. Wezi nao wanasoma humu. Kuna vitu ni vya ndani.

GengeLaNjia

Hofu yako ni ya kweli. Na dalali alishakuja! Tena kabla hatujatangaza, wakati ni siri yetu ya familia. Alimkalisha mzee akampa soda, akatoa karatasi ya kiwanja cha Pongwe. Dada wa wakala ndo alituokoa, alikuwa anakuja kuchukua ndoo akaona, akauliza hiyo nini, jamaa akakunja karatasi. Siri ilimlinda dalali. Ila tulienda serikali ya mtaa tukaandikisha kwamba mauziano yoyote lazima watoto wawili wawepo, na kwa wakala kwenye laini yake tumebakiza hela ndogo ya kumfurahisha tu, maana kutoa pesa anapenda, anajisikia mwanaume.

Ila kuna la aibu limetokea, siwezi kuficha maana nimeshasema kuficha ni kubaya. Tulifungua grupu la WhatsApp la mtaa kwa ajili yake. Likajaa "habari za asubuhi wapendwa" na matangazo ya mafuta ya kupaka magoti. Afu kijana mmoja akamrekodi mzee anagonga reli kwa kijiti anasikiliza, akaweka TikTok na muziki wa kuchekesha. Watu wamecheka kweli. Dada yangu aliona kwenye simu ya mtu saluni. Imamu alilizungumza Ijumaa bila kutaja jina la mtu, akaikumbusha ile aya ya Suratul Israa usiwaambie wazazi hata "ah", na ile ya Nahl ya wanaorudishwa kwenye umri dhalili, akasema huo umri Mungu kautaja, kwahiyo hauna kuchekwa, utaufikia wewe. Kijana kaifuta, na kaja mwenyewe. Sa hivi sheria ya grupu ni moja: hakuna picha ya mzee, isipokuwa kapotea.

Mpwani_Kilifi

Mkisema aibu nyinyi bado mna bahati. Mimi niko huku Kilifi Kenya. Kwetu mzee akianza kusahau, aongee peke yake, atembee usiku, haambiwi amezeeka, anaambiwa mchawi. Na nywele nyeupe zenyewe ni ushahidi. Wazee wameuawa huku, na wengine wanauawa na jamaa zao kwa sababu ya shamba. Kuna kimbilio pale Kaya Godoma upande wa Ganze, wazee wamekimbilia huko kuokoa roho zao. Sasa jiulizeni wangapi kati yao walikuwa wagonjwa tu wa kusahau, mtu ametoka nje usiku kwa sababu hajui ni usiku, anaingia uani kwa jirani akidhani ni kwake. Jirani akimkuta pale saa nane na hajui kitu kuhusu huu ugonjwa, atafikiria nini? Kwa hiyo hiyo baraza yenu na mjumbe, kwetu inaweza kuwa ni uhai wa mtu. Makueni najua wamefundisha wahudumu wa afya wa jamii kuhusu demenshia. Na waganga wa kienyeji wasiachwe nje, maana mgonjwa anafika kwao kwanza kabla ya sisi wote.

GengeLaNjia

Hiyo ya waganga hatukuifikiria kabisa. Na yupo mmoja barabara ya pili kutoka kwetu, tena anacheza bao na mzee. Ntamfata.

Mama_Pacha

Nimesoma uzi wote kimya kimya nikitafuta kitu. Boda wapo, imamu yupo, mangi yupo, fundi yupo, polisi, mganga. Wote wanamuona mzee dakika ishirini akiwa amevaa kofia. Nani anamuogesha? Nani anafua hizo shuka? Nani anaamka nae saa kumi? Naona "dada" anapita kwenye kila aya anapika vitumbua, anapokea simu, anaenda mochwari. Mtaa rafiki mmemjengea mzee. Dada yenu mmemjengea nini? Mimi nimemuuguza mama mkwe miaka sita, watu walikuwa wananisifu njiani "una roho nzuri wewe" na wanaendelea na safari zao.

NesiWaZamani

Mama Pacha 👏👏 ndo swali la uzi hilo.

GengeLaNjia

Nimeisoma hii jana usiku nikashindwa kujibu. Nikampelekea dada simu asome. Akasoma, akacheka, akasema "huyu mama anakaa wapi nimpelekee kanga".

Ukweli ni kwamba mi nakaa Dar. Tanga naenda mara mbili kwa mwezi. Sikusema mwanzoni maana... basi tu. Nilichojenga ni cha nje, cha mwanaume mwenye simu na maneno. Vya ndani ni vya dada, na aliacha genge lake la nyanya kwa ajili ya hii kazi.

Nikamuuliza anataka nini. Nikidhani atasema hela. Akasema nataka Jumatano nilale mchana. Yani hicho tu.

Wenzake wa kikoba ndo wamelibeba, tena walikuwa wanasubiri kuombwa. Wapo kumi na nne. Jumatano na Jumamosi wanakuja wawili wawili baada ya adhuhuri, wanakuja na kazi zao, mmoja anachambua mchele mwingine anasuka ukili, wanakaa na mzee ukumbini hadi alasiri. Mzee anapewa mchele nae achambue. Anachambua vibaya, changarawe anazirudisha humohumo 😂 ila anatulia masaa mawili. Mmoja wao baba yake alikuwa fundi wa njia pia, anajua nyimbo za genge walizokuwa wanaimba wakinyanyua reli. Akianzisha tu, mzee anaimba beti zote. Jina langu hajui, beti zote anazijua.

Na mimi wameniwekea faini, kila wikiendi nisiyokwenda naweka elfu ishirini kikoba. Nimeshalipa mbili.

BodaWaKona

Hiyo faini ndo mfumo sasa 😂😂

Kifaranga_cha_Jogoo

Mkuu naomba radhi kwa comment ya juu. Nimeongea na mama usiku huu, baba huko kijijini kwetu ana dalili zote hizi, wamemfunga kamba mguuni asitoke. Sikujua. Naanzia wapi?

GengeLaNjia

Usiombe radhi mkuu, na sisi tulifunga geti, kamba ni geti la asiye na ukuta. Kesho asubuhi mpigie mwenyekiti wa kitongoji, sio ndugu, ndugu watabishana. Mwambie ukweli ulivyo. Afu mtafute aliyecheza nae ujanani, kila mzee ana mmoja aliye hai, huyo ndo mlinzi wako wa kwanza. Na apelekwe kupimwa kama Nesi alivyosema, presha na sukari tu kwa kuanzia zahanati wanapima. Kwenye ile kamba mguuni, kama wanaogopa mto au barabara, muulize baba alikuwa anaenda wapi kila asubuhi alipokuwa na nguvu. Shamba? Basi mtu aende nae shamba, hata nusu saa.

Nije PM nikutumie picha ya ile karatasi ya maeneo, uijaze leo.

Kifaranga_cha_Jogoo

Alikuwa anaenda kugema. Minazi.

GengeLaNjia

Eeh hiyo ngumu kidogo 😅 Ila kibuyu hamumpi ashike?

Kifaranga_cha_Jogoo

Mama kakificha.

GengeLaNjia

Mrudishieni. Sisi tulificha nyundo, akatafuta nyumba nzima wiki mbili, kavunja hadi kitasa cha stoo. Fundi seremala akachonga ya mti, nyepesi, haiwezi kuumiza mtu. Alipoishika akaipima mkononi akasema "hii sio ya kwangu, ila sio mbaya".

Leo nipo Tanga, sijalipa faini. Saa kumi na dakika kumi, mzee kashaamka nasikia anafungua kabati. Ngoja nikampe nyundo yake tutoke wote, muuza kahawa anawasha jiko saa hizi.